Ngoma ni ya nani?

Wadau, ukipanga dramu nyumbani, mpigaji mmoja anakaa katikati. Pedali ya akina Ludwig wa Chicago, 1909, ndiyo iliyomwezesha kufanya kazi ya watu wengi. Jirani zetu Warundi hawapangi hivyo: ingoma zinakaa nusu duara, inkiranya ikiongoza katikati, kila moja na mtu wake.

Kwa Kirundi, lugha inayokaribiana sana na Kihangaza cha Ngara, ingoma ni ngoma na pia ufalme. Ufalme ulifutwa 1966. UNESCO ikaitambua ngoma 2014. 2017 amri ya rais ikawazuia wanawake kuipiga, na nje ya sherehe za serikali ikataka kibali. Mfalme hayupo, ila ngoma bado ina bwana. Mnasemaje?