Behewa Moja, Jina Moja, na Wafu 2,493

Kutoka stage ya Railways hapo tao hadi Makumbusho ya Reli ya Nairobi ni mwendo wa dakika chache tu. Lakini uliza mbogi yako ni wangapi washawahi kuingia. Pale nje kuna injini za mvuke zimepangwa, na unaweza kupanda mpaka pale dereva alikuwa anafanyia kazi. Moja inaitwa Mount Gelai. Ilitoka Manchester miaka ya 1950, uzito tani 252. Ukisimama kando yake unajiona kama chungu.

Lakini stori yenye kila mtu anatoka nayo ni ya behewa nambari 12. Juni 1900, afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alienda Kima kuwinda simba aliyekuwa akila watu. Alilala ndani ya hilo behewa na wenzake wawili. Simba akaingia, akamuua, akatoka naye dirishani. Miaka zaidi ya 120 baadaye, behewa bado lipo na jina lake tunalijua.

Sasa skia hesabu nyingine. Kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kuanzia 1896, Waingereza walileta vibarua 31,983 kutoka India. Rekodi zao zinasema 2,493 walikufa. Reli ilikuwa karibu maili 580, kwa hivyo ni kama watu wanne kwa kila maili. Wengine 6,454 walirudishwa wakiwa wagonjwa au vilema. Na hao ni Wahindi peke yao. Waafrika waliobeba mizigo na kufyeka njia hawamo kwenye hiyo hesabu.

Kwani wote waliliwa na simba? Hapana. John Patterson, aliyewaua simba wawili wa Tsavo mwaka 1898, alikuja kudai waliua watu 135. Wanasayansi waliopima mifupa na manyoya yao, na kutoa matokeo 2009, walikadiria kama 35. Hata tukimpa Patterson 135 zake zote, bado ni chini ya watu 6 kwa kila 100 waliokufa. Waliobaki waliuawa na malaria, kuhara, ajali na kazi yenyewe.

Hapa ndipo naona tunachezwa. Simba hana bosi. Mtu akiliwa na simba, tunasema ni bahati mbaya, ni Afrika, ni pori. Lakini maelfu ya vibarua wakiugua kambini, kuna mtu alipanga hiyo kazi, akahesabu gharama, akaamua iendelee. Stori ya simba ni tamu kwa sababu haimuulizi yeyote swali.

Cheki pia majina ya injini pale. Kuna Masai of Kenya, kuna Nyaturu. Makabila yetu yaliandikwa kwa chuma na kung'arishwa, huku ndani ya treni Mwafrika akibanwa daraja la tatu. Jina lako lilifaa kwa injini, wewe mwenyewe hukufaa kwa kiti kizuri.

Na hii si stori ya watu wa mbali. Nairobi yenyewe ilianza kama kambi ya reli, baada ya reli kufika hapa Mei 1899. Vibarua 6,724 waliamua kubaki, na baadhi ya vitukuu wao ni majirani zetu. Serikali ilitambua jamii ya Wahindi Wakenya kama kabila la 44 mwaka 2017, mwaka ule ule SGR ilipoanza kubeba abiria. Ukipanda hiyo SGR, unapita Tsavo dirisha likiwa limefungwa, AC inapuliza, na karibu na hapo ndipo baadhi ya wale watu walikufa.

Kwa hivyo enda makumbusho. Piga picha na behewa nambari 12, hakuna ubaya. Ila ukiipost, usiandike jina la Ryall peke yake. Andika na 2,493.