Rangi Imjuayo Aliye Hai

Hapa Kwashemshi palikuwa na mkata mkonge mmoja aliyepatwa na kifua kikuu. Alikunywa dawa miezi miwili asikose hata siku moja, kikohozi kikapungua, mwili ukarudi. Makohozi yake yalipopimwa tena, wadudu wakaonekana wangalimo. Habari ikafika kijijini kabla yake mwenyewe. Kikombe chake kikatengwa, na baadhi yetu, Mungu atusamehe, tukawa twajitenga naye hata safuni.

Wadudu walikuwamo, naam. Lakini walikuwa hai, au mizoga? Hilo hakuna aliyeuliza, nami simo katika waliouliza.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, tabibu Robert Koch alitangaza kwamba amemwona mdudu wa kifua kikuu. Mdudu yule hana rangi. Hakuonekana mpaka alipotiwa rangi ya buluu. (Koch huyu ndiye aliyefika Amani, katika milima yetu ya Usambara, mwaka 1905, akichunguza mbung'o.) Ikafuata rangi nyekundu, na katika miaka ya 1930 ikaja auramini, ambayo humfanya mdudu ang'ae gizani kama kimulimuli, mpimaji asichoke kumtafuta. Tanzania ilipoanzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu mwaka 1977, akishiriki Daktari Karel Styblo, darubini ya vijidudu ndiyo iliyokuwa nguzo yake, na njia ile ikaigwa na mataifa mengi.

Auramini, hata hivyo, ina ila. Yenyewe hushika nta iliyo katika ukuta wa mdudu, na ukuta ule hubaki mwenyewe akiisha kufa, mfano wa nyumba ya udongo iliyohamwa: ukiitazama kwa mbali utadhani mna watu. Hata mashine za siku hizi zinazosoma jeni huweza kuokota mabaki ya wafu.

Basi wataalamu wakatafuta rangi ya kubisha hodi. Fluoresini ilitengenezwa na Adolf von Baeyer mwaka 1871. Ikifungwa kwa asetati mbili hupoteza mng'ao wake wote, ikawa kama taa iliyozimwa. Ikimwingia mdudu aliye hai, vimeng'enya vyake huvikata vifungo vile, na taa ikawaka kijani ndani yake, ukuta mzima ukiizuia isitoke upesi. Maiti hana kimeng'enya kinachofanya kazi, hubaki giza. Iko na ndugu yake nyekundu, propidiamu, ambaye tabia yake ni kinyume: aliye hai humfungia mlango, naye humwingia yule tu ambaye ngozi yake imekwisha kupasuka. Kijani hai, nyekundu mfu.

Mwaka 2006 wataalamu waliofanya kazi Bangladesh walieleza jinsi rangi ile ya kijani inavyosaidia kuwatenga wagonjwa ambao dawa imewashinda na wale wanaotema mizoga tu. Rangi yenyewe ni dhaifu, mng'ao wake hufifia haraka, wala haijawa kipimo cha kila zahanati. Njia ya kawaida ni kuyaotesha makohozi: aliye hai huota, maiti haoti. Ila ni kungoja majuma.

Ya mwenzetu yalipelekwa kuoteshwa. Majuma manane yakapita, hakikuota kitu. Kikombe chake nyumbani walikuwa wamekwisha kukitupa.