UZI: Mradi wa kampuni ukifeli, hasara ni ya nani?

1/ Siasa zikipamba moto huku Kisii na Nyamira, kuna swali halikosi kwenye jukwaa: hizi kampuni zinazopata faida kwetu zinaturudishia nini? Huyu anasema zijenge madarasa. Yule anasema sheria izilazimishe, kama India. Wacha tupitie historia kidogo, kwa sababu hilo swali tunaliuliza nusu.

2/ Nusu iliyobaki ni hii: msaada wa kampuni ukifeli, nani anabeba hasara, na nani anaambiwa ukweli? Nitachukua mifano mitatu. Mmoja uko mfukoni mwako saa hii.

3/ M-Pesa. Leo tunaijua kama biashara kubwa, lakini wazo lilitoka kwa watu wa Vodafone, Uingereza, waliokuwa wakishughulikia wajibu wa kampuni kwa jamii. Serikali ya Uingereza, kupitia DFID, ilikuwa na hazina ya kuchangia mawazo ambayo kampuni haingethubutu kuyajaribu peke yake. DFID ikatoa karibu pauni milioni 1, Vodafone ikaweka kiasi kama hicho.

4/ Na lengo halikuwa kutuma pesa. Lilikuwa mikopo midogo. Oktoba 2005 majaribio yakaanza na Faulu Kenya, wateja kama 500 hivi, Nairobi na Thika. Mkopaji apokee mkopo kwa simu na aulipe kwa simu. Basi.

5/ Kwa lengo hilo, mambo hayakwenda. Hesabu za Faulu zilikuwa ngumu kulinganisha na mfumo mpya. Halafu mikopo yao ilisimama juu ya vikundi: watu wanakutana, wanalipa mbele ya wenzao. Ukiweza kulipa kwa simu, mkutano unaenda kufanya nini? Na mkutano ndio ulikuwa dhamana.

6/ Hapo wengi wangefunga faili kimya kimya. Hawa wakaangalia watu wanaitumia vipi. Kuna aliyeweka pesa kabla ya safari akazitoa alikofika. Kuna mfanyabiashara aliyezilaza kwa ajenti usiku mmoja. Wengine walitumiana tu. Mikopo ikawekwa kando, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka huo huo, Nick Hughes na Susie Lonie walioiongoza waliandika hadharani kilichokwama.

7/ Fikiria hiyo imemaanisha nini huku kwetu, ambako mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa vipande na vijana wako Nairobi wakitafuta. Zamani pesa ya nyumbani ilikuja na dereva wa basi, au na jamaa anayesafiri, au ukapange foleni Posta. Wangeng'ang'ania mpango wa kwanza ili wasionekane wamefeli, labda bado tungekuwa tunamsubiri dereva.

8/ Mfano wa pili uko kwa majirani. Ukishuka kutoka Kisii kwenda Kisumu, ukifika Oyugis uko Kaunti ya Homa Bay. GiveDirectly, shirika lililopewa na Google dola milioni 2.4 mwaka 2012, liliingia huko 2015 kuzipa familia maskini pesa taslimu, karibu dola 1,000 kila moja, bila masharti. Karibu nusu ya watu wakakataa! Uvumi ulikuwa kwamba ni pesa za shetani.

9/ Shirika lingeweza kukaa kimya na kuonyesha picha za waliokubali. Badala yake 2016 likatangaza lenyewe: watu wanakataa, kiwango ni hiki, na sababu tunazosikia ni hizi. Mimi nasema huyo mwananchi aliyekataa alikuwa na hoja. Mtu humjui anakupa laki bure, lazima ujiulize anataka nini. Watu wakikataa, hiyo nayo ni ripoti ya mradi.

10/ Wa tatu ni PlayPump, kusini mwa Afrika. Watoto wanazunguka kwa bembea, maji yanapanda tangini. Mwaka 2006 zikaahidiwa dola milioni 16.4, na kati ya walioahidi alikuwemo Case Foundation, wakfu wa familia iliyotajirika na kampuni ya intaneti ya AOL. Lakini watoto wakichoka, kina mama ndio walisukuma, na mtambo ukiharibika fundi hapatikani. Mwaka 2010 Case Foundation ikakiri hadharani kwamba mpango haukufikia lengo. Heshima kwao. Lakini mama aliyeachiwa pampu mbovu, kukiri huko kulimletea maji?

11/ Tofauti iko hapo. Majaribio ya M-Pesa yangekufa, waliopoteza zaidi ni Vodafone na mlipa kodi wa Uingereza. PlayPump ilipofeli, kijiji kilipoteza maji. Kwa hivyo anayesema "msijaribie maskini" ana ukweli wake. Ila tukikataa kila jaribio, kampuni itachagua kitu kisichofeli mbele ya kamera: darasa limepakwa rangi, hundi ya kadibodi, makofi. Darasa ni zuri, lakini tangi likikauka mwaka ujao mama anarudi chemchemi na mtungi, na picha bado iko kwenye kalenda ya kampuni.

12/ Na hiyo hoja ya India? Sheria yao ya kampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa kutumia asilimia 2 ya wastani wa faida kwa jamii. Ni hatua. Lakini asilimia inahesabu pesa zilizotoka, haikwambii zilifanya nini, na aliyeogopa kufeli jana bado ataogopa.

13/ Basi kampuni ikija kwenye baraza, Keroka, Ogembo au Nyamira mjini, tuulize matatu. Kikifeli, nani atalipa kurekebisha? Ni lini mtarudi kutuambia kilichokwama? Na ule mradi wenu wa mwisho uliofeli, mlibadilisha nini?

14/ Anayejibu la tatu kwa mfano halisi, mpe nafasi ajaribu. Anayesema hajawahi kufeli, pokea darasa, sema asante, lakini usimpe sifa za kuleta maendeleo. Na mwanasiasa aliyesimama kando yake kwenye picha, muulize hayo hayo.