Kwa nini "go" inakuwa "went"? Historia iliyojificha ndani ya vitenzi vya Kiingereza



Sisi wote tuliosomea Bukavu tunaijua ile orodha ya "verbes irréguliers": safu tatu, mistari mingi, na mwalimu anayesema "kesho interro". Tuliikariri usiku, asubuhi tukaimwaga kwenye karatasi, wiki mbili baadaye imeshapotea. Miaka ikapita. Siku moja niliketi mbele ya watu watatu wa shirika fulani hapa mjini, wakaniuliza kama nimewahi kuandika ripoti. Nikajibu: "Yes, I have wrote many reports." Kazi sikuipata. Sisemi ni kitenzi hicho peke yake kilichoninyima, lakini nilitoka pale nikijiuliza: huu mchafuko wa "write, wrote, written" ulitoka wapi?

Tuanze na msingi. Kitenzi cha kawaida kiko na maumbo machache: umbo la msingi ("work"), lenye -s ("works"), lenye -ing ("working"), la wakati uliopita ("worked"), na lile linalofuata "have" au "be" ("worked" tena). Ni hayo tu! Ukikumbuka jinsi Kifaransa kilivyotutesa na "conjugaison", hapa ni nafuu. Shida iko kwenye mawili ya mwisho. Kwa vitenzi vingi yanafanana, kwa vingine yanaachana: "wrote" inasimama peke yake, "written" inataka msaidizi. Mimi nilianguka hapo.

Kwa nini yanaachana? Kuanzia karne ya 5, Waanglo-Saksoni walivuka bahari kutoka sehemu za Ujerumani na Denmark ya leo, wakahamia Uingereza. Lugha yao ilikuwa na njia mbili za kusema jambo lililopita. Ya kwanza, ya zamani zaidi, inabadilisha vokali ya katikati: "sing, sang, sung". Ya pili, changa, inaongeza sauti ya d au t mwishoni. Yaani vingi tunavyoviita "irréguliers" vilikuwa na kanuni, ila ni kanuni ya mababu. Polepole ile changa ikazidi nguvu. Hata "help" zamani ilikuwa "holp, holpen". Leo ni "helped". Na "went"? Hiyo ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", halafu "go" ikaichukua ikawa yake.

Mwaka 2007, watafiti wa Harvard walichapisha hesabu yao katika jarida la Nature: kati ya vitenzi 177 visivyo vya kawaida walivyovifuata tangu Kiingereza cha kale, 98 tu vimebaki hivyo. Vinavyotumika mara chache ndivyo vilivyobadilika haraka. Vinavyotumika sana, kama "be", "have", "do", "go", "say", vimekataa. Ni kama njia ya mguu: inayokanyagwa kila siku haioti majani. Hata sisi, mtoto hasemi "kuja!" akimwita mwenzake, anasema "njoo!", na hakuna aliyemfundisha.

Sasa inakuja sehemu yetu. Mwaka 1066, William wa Normandy alitoka Ufaransa akaiteka Uingereza. Kwa karne kadhaa wakubwa wa nchi ile walitumia Kifaransa, na maelfu ya maneno yakaingia. Vitenzi hivyo vya kigeni karibu vyote vilivalishwa "-ed": "accepted", "refused", "changed", "arrived", "continued". Vichache tu viliponyoka, kama "catch, caught" na "strive, strove".

Kiswahili nacho kiko na alama hiyo. Tunasema "nasoma, sisomi", lakini "nasafiri, sisafiri". "Safiri" ilitoka Kiarabu, njo maana mwisho wake haubadiliki. Mgeni anabaki na nguo yake.

Kwa mtu wa Bukavu hii ni habari njema. Vitenzi vingi vya ofisini tayari unajua maana yake kupitia Kifaransa, na umbo lake ni rahisi. (Angalia tu mitego: "assist" ni kusaidia, siyo kuhudhuria.) Vigumu ni vile vya nyumbani: kula, kunywa, kulala, kuona, kutoa. Havina wingi wa kutisha.

Na wakati umefika. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ni kweli, mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya waliidhinisha Kiswahili na Kifaransa pia, lakini Kiingereza ndicho kilichotangulia, na hati nyingi bado ziko katika lugha hiyo.

Basi, usikariri tena kwa alfabeti. Panga kwa ukoo: "sing, ring, drink, swim, begin" ni ndugu, "write, drive, ride, rise" ni ndugu. Ukimjua mmoja, umewajua wengine. Mimi ningejua "driven", ningeikumbuka "written" siku ile.

Na wewe, ni kitenzi gani kilikuaibisha? Tuambie, tucheke pamoja, halafu tujifunze.