Waliofuata Buni: Wahindi wa Bukoba na Kamachumu

Ukiuliza mjini Bukoba Wahindi walifikaje, hukosi kuambiwa walikuja kujenga reli. Jibu hilo lina ukweli wake Mombasa na Nairobi. Kwa Bukoba halikai sawasawa. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ilitumia vibarua wa mkataba wapatao 32,000, wengi wao Wapunjabi. Kama 2,500 walikufa, na waliobaki Afrika Mashariki baada ya mkataba hawakufika 7,000. Wenye maduka walikuwa watu wengine: Wakhoja, Wabohora na Wabaniani wa Kachi na Kathiawar, waliojitafutia nauli wenyewe na kumfuata kaka au mjomba aliyetangulia Unguja.

Tofauti hii inaeleza mengi kuhusu mtawanyiko wa Wahindi duniani, ambao pamoja na wazawa wao nje ya India sasa wamezidi milioni 30. Palipolimwa miwa ya wakoloni walipelekwa kwa maelfu: Morisi kuanzia 1834, Natal 1860, Fiji 1879. Morisi leo raia wengi wana asili ya India. Buhaya, nchi ya Wahaya inayozunguka Bukoba, hali ilikuwa nyingine. Mkulima alikuwa Mhaya mwenyewe, katika kibanja chake, migomba na mibuni ikiwa pamoja. Hapa hapakuhitajika vibarua elfu kutoka ng'ambo. Alihitajika mwenye mizani.

Wa kwanza kusikika upande huu hakuja hata kwa ajili ya kahawa. Musa Mzuri, Mkhoja wa Surat aliyeweka makazi Kazeh, karibu na Tabora ya leo, alifanya biashara ya pembe na Karagwe katikati ya karne ya 19. Mvumbuzi Mwingereza Speke, aliyefika kwa Rumanika, mfalme wa Karagwe, mwishoni mwa 1861, anaeleza kwamba Musa alitumia mali yake kumsaidia mfalme huyo katika ugomvi wa urithi na ndugu yake. Mfanyabiashara kuingia katika siasa za ikulu si jambo lililoanza jana.

Bukoba yenyewe ilianza kama boma la Wajerumani, lililowekwa na Emin Pasha mwaka 1890. Lakini mji wa biashara uliletwa na meli. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli za Ziwa Viktoria zikaanza kuunganisha bandari zake, buni ya Bukoba ikapata njia ya kwenda Mombasa. Kabla ya hapo Wahaya waliichemsha na majani, wakaikausha, wakaitafuna na kumkaribisha nayo mgeni, na abakama, yaani wafalme wa Kihaya, walikuwa na sauti kubwa juu ya upandaji wake. Sasa akamwani, kama Wahaya wanavyoiita kahawa, ikawa fedha ya kodi.

Duka la Mhindi, Bukoba au katika mji mdogo wa Kamachumu, lilikuwa na milango miwili, kwa namna ya kusema: mmoja wa kuuza kanga, chumvi, sabuni na mafuta ya taa, mwingine wa kununua buni. Katikati palikuwa na deni. Hapo ndipo butura ilipostawi, yaani kuuza kahawa ikali mtini kwa bei ya shida. Wahaya wengi wanaikumbuka kama dhuluma ya Mhindi, na mizani ya uongo haikuwa hadithi tupu. Ila wachuuzi waliozunguka vijijini walikuwa Wahaya, na mwenye duka naye alidaiwa na tajiri wa Kampala au Mombasa. Butura bado ipo wilayani Muleba, miongo mingi baada ya Mhindi kuondoka kwenye biashara hiyo.

Wasomi wa Kihaya waliliona tatizo mapema. Klemens Kiiza na wenzake, waliokuwa katika Bukoba Bahaya Union ya 1924, walitaka mkulima auze mwenyewe. Mwaka 1937 ghasia zilizuka, ingawa hasira hiyo ililenga kanuni za serikali kuhusu utunzaji wa mibuni, si maduka. Mwaka 1950 ukaundwa ushirika, Bukoba Native Co-operative Union (BNCU), na vyama vya msingi vikachukua ununuzi wa kahawa hatua kwa hatua.

Kwa maoni yangu hapo ndipo safari ya Wahindi kuondoka ilipoanza, miaka 17 kabla ya Azimio la Arusha. Duka la Kamachumu lisilonunua buni lilibaki kuuza sabuni tu. Sheria ya 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iliwakuta wengi tayari wanatazama mlango. Mwaka uliofuata Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka, habari iliyosikika vizuri sana Bukoba, kisha Oktoba 1978 ndege zake zikaushambulia mji wenyewe. Kama wenzao wa Tanzania nzima, Wakhoja Waismailia wengi walielekea Kanada. Wakhoja Waithnaasheri na Wahindu wakagawanyika kati ya Uingereza, Amerika Kaskazini na India, na wengine wakaishia Mwanza na Dar es Salaam, ambako biashara haikutegemea msimu wa kahawa.