Nairobi haikupangwa mtu azeekee hapa

Wasee, leo sina utani. Mnaonijua kwa vidio za matatu na vituko vya mtaa, vumilieni kidogo, hii ni historia na ni ndefu. Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, lakini kusoma sikuacha.

Naanza na redio. Ploti yetu hapa Gatwekera ina vyumba nane vya mabati. Jirani akigeuka kitandani unasikia. Upande wangu wa kushoto anakaa mzee mmoja, miaka 66, sisi wote tunamwita jaduong', vile Wajaluo humwita mtu mzima wa heshima. Usiku mmoja mwaka jana redio yake ililia hadi asubuhi. Nyimbo, habari, matangazo ya vifo, tena nyimbo. Mimi nilikuwa natengeneza vidio, nikavaa hedifoni nikaendelea. Kesho yake bado inalia. Usiku wa pili nikagonga bati kwa hasira: "Jaduong', si upunguze!" Kimya. Nikasema huyu mzee siku hizi ana kiburi.

Siku ya tatu mama wa mandazi ndiye alikuja kuuliza, "Jaduong' yuko? Hajachukua mandazi juzi na jana." Tukavunja komeo. Alikuwa chini, kati ya kitanda na jiko, macho wazi, upande mmoja wa mwili hauna nguvu. Kiharusi. Hospitalini daktari aliuliza swali moja tu la maana: ilianza lini? Kwa kiharusi, saa za kwanza ndizo za kuokoa ubongo. Hakuna mtu alijua. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake, bati katikati.

Ndio nikaanza kujiuliza, mtu anaishije Nairobi zaidi ya miaka 40 halafu anayegundua amepotea ni mama wa mandazi? Nilidhani jibu ni tabia yetu vijana. Kumbe ni refu kuliko hivyo.

Cheki hii. Kibera yenyewe ilianza kama mahali pa kustaafia. Kuanzia mwaka 1904 hivi, Waingereza waliwaruhusu Wanubi, askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan, kuishi kwenye msitu huu. Jina Kibra kwa Kinubi linahusu msitu au vichaka. Baadaye kibali kilikuwa cha askari aliyetumikia miaka 12, na ardhi ikawa kama mbadala wa pensheni. Mwaka 1918 eneo likatangazwa rasmi, zaidi ya ekari 4,000. Mzee aliyepigana vita vya watu wengine alipewa mahali pa kulima, kuoa na kufa. Lakini hati hakupewa, na kwa miaka mingi wakoloni walikuwa wanatafuta njia ya kuwatoa. Hati ya jamii ilikuja 2017, ya ekari 288. Hesabu mwenyewe.

Na hao angalau walipewa kibali. Mwafrika mwingine yeyote aliyeingia Nairobi alihesabiwa kama mikono, si mtu. Sheria ya uzururaji ya 1902 ilimaanisha kwamba bila kazi unaweza kuondolewa mjini. Kipande, kilichoanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920, kilivaliwa shingoni na kila mwanamume kuanzia miaka 16. Landhi za reli kule Muthurwa zilikuwa chumba kimoja, na mshahara ulikuwa wa kapera, hata kama una mke na watoto watano. Mpango ulikuwa rahisi: njoo ukiwa na nguvu, fanya kazi, ukizeeka rudi ushago, huko watakulisha. Uzee haukuwa gharama ya mji. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Carpenter ilikubali kwamba mshahara wa kapera hautoshi, ikapendekeza mshahara wa kumtunza mtu na familia yake. Uhuru ukaja, NSSF ikaanzishwa 1965, ila hiyo ilianza ikiwa ya wenye kazi ya kuandikwa. Msee wa mjengo, ambaye leo anabeba kokoto Kilimani na kesho Lang'ata, nani atamkatia?

Jaduong' ni wa mjengo. Alikuja Nairobi mwaka wa kifo cha Mzee Kenyatta, 1978. Sasa hapa ndipo stori inanichoma, kwa sababu aliniambia mwenyewe akiwa amelala wodini, maneno yakitoka polepole upande mmoja wa mdomo. "Nyathina," akaniambia, yaani mtoto wangu, "wakati huo ukigonjeka, mtu alikuja."

Alikuwa anaongea kuhusu vyama vya watu wa nyumbani. Luo Union, Abaluhya Union, New Akamba Union, GEMA. Sisi tukisikia majina hayo tunafikiria siasa au mpira, na mpira ulikuwepo kweli: timu ya Luo Union ilichukua kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Lakini chini ya siasa na mpira kulikuwa na kazi ya kuchosha isiyopigwa picha. Mgeni akishuka basi anatafutiwa pa kulala. Mgonjwa anatembelewa. Aliyekwama anachangiwa nauli. Jaduong' anasema kitanda chake cha kwanza mjini alikipata kupitia kikao cha watu wa lokesheni yao, na akikosa kikao kimoja Jumapili, Jumatatu kuna mtu mlangoni anauliza kulikoni.

Mwaka 1980 serikali ya Moi ikaamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Abaluhya wakawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union. Mpira ulibadilisha jina ukaendelea. Ile kazi ya kugonga mlango haikupewa mtu mwingine. Na sisemi vyama vile vilikuwa vitakatifu. Ukabila ni sumu, na hapa Gatwekera hatuhitaji kufundishwa hilo. Januari 2008 majirani wengi wa makabila mengine walihama mtaa huu. Mmoja wao alikuwa fundi wa viti, Mkikuyu, rafiki wa kufa na kuzikana wa jaduong'. Walikuwa wanacheza drafti kwa vizibo vya soda kila jioni. Alitoka usiku na hajawahi kurudi. Vizibo bado viko kwa mkebe juu ya kabati, niliviona tulipokuwa tunatafuta kitambulisho cha mzee.

Baada ya hapo ni kupukutika tu. 2018 barabara ikapita Kibera na watu kama 30,000 wakabomolewa, na mzee akapoteza wengine aliokuwa akiwatembelea kule Lindi. 2020 ikaja korona, Nairobi ikafungwa Aprili hadi Julai, wazee wakaambiwa wakae ndani. Sisi tulitoka ndani. Yeye, nadhani, hakutoka kabisa.

Mtu atasema, sawa, upweke ni huzuni, lakini kiharusi ni presha. Ni kweli, presha alikuwa nayo. Ila wataalamu wamehesabu. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake huko Marekani walijumlisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta walio na uhusiano imara na watu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki hai, kwa asilimia 50. Utafiti mwingine wa Uingereza wa 2016 ulihusisha upweke na kutengwa na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 32. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba upweke unahusishwa na vifo 871,000 kila mwaka, na kwamba nchi maskini zina wapweke wengi kuliko tajiri. Hapo nilishangaa, maana tumezoea kusema upweke ni ugonjwa wa wazungu.

Lakini ukikaa Gatwekera huhitaji hesabu sana. Mzee wa peke yake hapiki, anakunywa chai na mandazi. Dawa za presha zikiisha hakuna wa kumwambia "twende kliniki". Choo kiko mbali na usiku kuna hatari, kwa hivyo anapunguza kunywa maji. Na akianguka, redio inaendelea kuongea.

Pesa za serikali? Inua Jamii tangu 2018 ni ya miaka 70 kwenda juu, shilingi 2,000 kwa mwezi. Yeye ana 66. Hakuna fundi anamchukua tena mjengo, na serikali inamwona bado kijana.

Tukapigia ndugu yake Siaya. Hakuwa mtu mbaya. Akasema mleteni, ila kuna shida: hana dala. Kwa desturi ya Wajaluo mwanaume mzima anafaa kuwa na nyumba yake nyumbani, na jaduong' hakuwahi kujenga. Pesa ya mjengo ilikuwa inaisha hapa hapa, kodi na unga. Kwa hivyo ule mpango wa mkoloni, rudi ushago ukizeeka, ulikuwa unamtegemea kuwa na ushago. Na kitu kinachonisumbua hadi leo: akifa bila nyumba, watamjengea moja haraka haraka, kwa sababu hawezi kuzikwa hivyo. Mabati yatapatikana. Nguzo zitapatikana.

Najua zitapatikana kwa sababu niko kwenye hizo grupu za WhatsApp. Mwaka huo huo mzee wa ploti ya nyuma alifariki, na kwa siku nne tukachanga gari la maiti, jeneza na chakula cha safari. Mimi pia nilituma, na jina langu likawekwa kwenye orodha. Nilipoweka namba ya M-Pesa ya jaduong' kwenye grupu hiyo hiyo, kununua dawa na mkongojo, nilipata emoji nyingi za mikono imeshikana. Wiki mbili, shilingi 3,400. Mtu mmoja akaniuliza kwa inboksi, "Kwani amefariki?"

Amerudi kwenye ploti sasa. Mkono wa kulia haujaamka, mguu unavuta. Mama wa mandazi anampelekea uji, kijana wa maji anajaza mtungi bure, na mimi tumekubaliana naye kitu: nikiamka nagonga bati mara mbili, naye anagonga mara mbili. Jioni tunacheza drafti. Ananishinda kwa mkono mmoja na anacheka vibaya sana.

Juzi nilikesha nikihariri vidio, nikalala hadi saa tano. Kilichoniamsha ni bati. Mara mbili. Kimya kidogo, halafu mara mbili tena, kwa nguvu zaidi, na sauti yake nzito upande ule mwingine: "Nyathina! Uko?"