Vyombo vya upelelezi

Vyombo vya upelelezi ni magari, meli, ndege na vyombo vingine vinavyotangulizwa mbele ya jeshi ili kujua adui yuko wapi, ana nguvu kiasi gani na anaelekea wapi. Hutegemea zaidi wepesi, mwendo na kujificha kuliko silaha nzito.

Nchi kavu hutumika magari madogo ya deraya. Daimler Dingo ya Uingereza, ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilibeba watu 2. BRDM-2 ya Kisovyeti hubeba 4 na huweza kuelea majini. Baharini, enzi za matanga, frigeti zilikuwa macho ya kundi la manowari.

Angani, Wafaransa walitumia puto katika vita vya Fleurus mwaka 1794. Mwaka 1915 ndege za Waingereza ziliichunguza manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika delta ya mto Rufiji, kisha zikaelekeza mizinga ya meli Severn na Mersey hadi ikaangamia tarehe 11 Julai. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na setilaiti na droni.